Nilimpumzisha kwa heshima, sasa anataka kuondoka

Barua

Shikamoo Mama,

Nina umri wa miaka 37 na ni mkuu wa kitengo cha kumbukumbu na hesabu chenye wafanyakazi 14. Nakuandikia kwa sababu watu wawili niliojitahidi kuwatendea wema kuliko wengine wote ndio hao hao wanaoumia chini ya uongozi wangu, na sijui nilipopotea njia.

Wa kwanza ni mzee wetu wa masjala. Ana miaka 58. Nilipoajiriwa hapa nikiwa kijana, ndiye aliyenionyesha jalada linavyofunguliwa na linavyofungwa. Mwaka jana tuliletewa mfumo mpya wa kompyuta, na hapo makosa yakaanza. Kwenye 3 anaandika 8, mstari mmoja anauruka, mwingine anauingiza mara mbili. Mara mbili malipo yalirudishwa kwa sababu hiyo. Nilimwona pia akipanda ngazi huku ameshika ukuta, na siku hizi ukimwita kutoka nyuma haitiki. Sikutaka kumwaibisha. Nikamwambia, "Mzee, umefanya kazi ya kutosha, pumzika kidogo, vijana wapo." Kazi ya kuingiza taarifa nikampa kijana, yeye nikamwachia daftari la kupokelea barua. Wiki tatu zilizopita aliniletea barua ya kuomba kustaafu mapema. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu taratibu: "Mkuu, wewe ulishanistaafisha. Mimi naweka tarehe tu."

Wa pili ni dada mmoja mhasibu, ana miaka 29, anatumia kiti cha magurudumu. Tunaye mwezi wa nane sasa. Jengo letu ni la ghorofa na halina lifti, kwa hiyo dawati lake liko chini na vikao vyetu hufanyika juu. Niliona asisumbuke; kila baada ya kikao namtumia muhtasari. Tena nilimtoa kwenye kazi ya kufunga hesabu za mwezi kwa sababu siku hizo watu hukaa mpaka jioni. Majuzi mwenzake akaninong'oneza kwamba dada huyu hanywi maji tangu asubuhi hadi anaporudi nyumbani, kwa kuwa kiti chake hakipiti kwenye mlango wa choo. Miezi minane, Mama, nami napita mbele ya mlango ule kila siku! Nilipokwenda kumwomba radhi alisema, "Bosi, hapa mnanihurumia sana. Ningeshukuru zaidi mngenipa kazi."

Nimemweleza mkurugenzi. Hakukataa. Alisema tu, "Niandikie orodha ya vitu vya kununua, na iwe fupi." Sasa nimekaa na karatasi tupu. Niandike nini? Mzee nitazungumza naye vipi kuhusu macho na masikio yake bila kumvunjia heshima? Na hawa wengine ambao wameshaanza kusema kuna watu wanapendelewa, niwajibu nini?

Mimi, mkuu wa kitengo.

Jibu

Marahaba mwanangu,

Barua yako niliisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikwama pale kwenye maji. Kwa hiyo nitaanzia hapo, ingawa wewe ulianza na mzee.

Mtu anayejinyima maji kutwa nzima, siku baada ya siku, anajiweka karibu na maambukizi ya njia ya mkojo na mawe ya figo, na kwa baadhi ya wanaotumia viti vya magurudumu hatari hiyo ni kubwa zaidi. Jambo hili halingoji orodha wala bajeti. Kesho asubuhi chukua futi ya kupimia. Fungua mlango wa choo mpaka mwisho, kisha pima uwazi wenyewe, kuanzia uso wa mlango uliofunguka hadi mwimo wa upande wa pili. Usipime fremu, maana fremu hudanganya: mlango ukishafunguka hula sentimita kadhaa. Miongozo mingi ya majengo hutaka uwazi usiopungua sentimita 80, na 90 ndiyo inayompa mtu raha ya kupita bila kukwaruza vidole. Wakati mwingine fundi akibadilisha bawaba au akaufanya mlango uwe wa kuteleza, sentimita zilizokosekana hupatikana bila kubomoa ukuta. Wakati mwingine ukuta utabomolewa, na ubomolewe.

Ndani pia kuna hesabu yake. Kiti kinahitaji duara la kipenyo cha sentimita 150 ili kigeuke. Panatakiwa vyuma vya kushikia vilivyofungwa ukutani kwa nguvu ya kubeba uzito wa mtu mzima, sinki ambalo magoti yanaingia chini yake, kitasa cha kushusha kwa kiganja badala ya kile cha mviringo cha kuzungusha, na komeo analolifikia akiwa amekaa. Mlango ufungukie nje, kwa sababu mtu akianguka ndani na mlango unafungukia ndani, mwili wake ndio unaouzuia. Na kikishakamilika, kisigeuke stoo ya ndoo na mafagio. Nimeingia majengo mengi ambamo choo cha watu wenye ulemavu kina alama nzuri mlangoni na ngazi ya fundi ndani.

Kabla fundi hajashika nyundo, mwite dada mwenyewe mpime pamoja. Yeye anajua kiti chake kinageukia wapi na mkono upi una nguvu. Hakuna kitabu kitakachokwambia hilo. Kazi ya ujenzi ikiendelea, muulize angependa mpangilio gani: choo cha jengo la jirani, au siku kadhaa za kufanyia kazi nyumbani. Nasema muulize, kwa sababu kumpeleka nyumbani bila kumuuliza ni ule ule muhtasari kwa sura nyingine.

Nikija kwenye muhtasari wenyewe, hamishia vikao chini. Hilo halihitaji hata shilingi ya mkurugenzi. Unasema ulitaka asisumbuke, nami nakuamini kabisa. Lakini muhtasari huandikwa baada ya mambo kwisha. Kikaoni ndipo kazi hugawanywa, ndipo mtu hujitokeza na kusema "hiyo nitaifanya mimi", ndipo bosi huona nani ana akili ya kazi. Mhasibu ambaye miezi minane hajaketi kwenye meza hiyo atapandaje cheo? Hali kadhalika kufunga hesabu za mwezi. Mhasibu asiyefunga hesabu hajifunzi uhasibu wa pale alipo. Ulimtoa ili jioni zisimchoshe. Je, ulimuuliza kama jioni zinamchosha, au kinachomtatiza ni usafiri wa kurudi usiku? Mambo haya mawili yana dawa mbili tofauti, na ya pili mara nyingi ni kupanga saa tu.

Sasa mzee. Hapa nivumilie, nitakueleza habari yangu.

Nilikuwa na miaka 52 nilipoanza kupoteza usikivu, sikio la kushoto kwanza. Nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu za vikao katika ofisi nisiyotaka kuitaja. Siku moja niliandika tisa mahali msemaji aliposema sita. Ukiyasikia vizuri, maneno hayo hayafanani. Lakini usikivu wa umri huanza kupungua kwenye sauti nyembamba, zile za s, t na f. Ziondoe hizo kwenye sita na ziondoe kwenye tisa, uone kinachobaki: i na a huku, i na a kule. Nilisikia i na a, nikabahatisha. Kiongozi wangu alikuwa mtu mpole. Alisema, "Usijali Mama, tutakuwa tunakuambia baadaye," akampa kalamu kijana aliyeketi karibu nami. Hakuna aliyesogeza feni iliyokuwa ikivuma juu ya kichwa changu. Hakuna aliyesema basi kila tarakimu itakayotajwa iandikwe ubaoni. Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa nimepumzishwa, kama wewe ulivyompumzisha mzee wako, na sikulala. Miaka imepita, lakini niliposoma maneno yake, "ulishanistaafisha", koo lilinibana.

Hapo ndipo ulipopotea njia, mwanangu, na ulipotea kwa wema. Kati ya mtu na kazi yake palikuwa na kizuizi. Ulikiona. Ukaiondoa kazi, kizuizi ukakiacha pale pale. Mlango bado ni mwembamba, maandishi ya kompyuta bado ni madogo, na atakayekuja baada yao atavikuta.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, unalisema jambo hili bila kumung'unya maneno. Kifungu cha 27 kinahusu kazi na ajira, na kinadai mahali pa kazi pafanyiwe marekebisho yanayofaa kwa mhusika. Kifungu cha 2 kinakwenda mbali zaidi: kumnyima mtu marekebisho hayo ni ubaguzi, hata kama hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Kwa wafanyakazi wenye umri mkubwa kuna Pendekezo Na. 162 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1980, linalotaka kazi na mpangilio wake virekebishwe vimfae mfanyakazi. Nakutajia haya ili ukienda kwa mkurugenzi usiende kama mwombaji.

Tuanze na macho ya mzee. Kuanzia miaka ya arobaini, lenzi ya jicho hukakamaa na kushindwa kujikunja kwa kitu cha karibu. Hilo kila mtu analijua. Wengi hawajui kwamba mboni nayo hubana na lenzi hugeuka manjano, hata mtu wa miaka 60 mwanga unaofika nyuma ya jicho lake ni takriban theluthi moja tu ya ule unaofika kwa kijana wa miaka 20. Mnakaa chumba kimoja chini ya taa ile ile, lakini yeye yumo gizani. Kwa hiyo kitu cha kwanza kumnunulia ni taa ya mezani inayokunjika, aiweke upande usio wa mkono anaoandikia ili kivuli cha mkono kisiangukie karatasi. Kisha geuza meza yake ili dirisha liwe ubavuni. Dirisha likiwa nyuma yake linameremeta kwenye skrini, likiwa mbele yake linamchoma macho, na macho ya umri huo hayapendi mwako.

Halafu kompyuta. Huenda mfumo wenu mpya una maandishi ya kijivu juu ya weupe, madogo kama sisimizi, kwa sababu waliousanifu ni vijana wenye skrini nzuri. Viwango vya kimataifa vya kurasa za intaneti hutaka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Waulize waliowauzia mfumo kama wameufikia. Kama mfumo wenyewe unafungukia kwenye kivinjari, kubonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha hukuza maandishi papo hapo. Kuna pia kikuza skrini ndani ya kompyuta yenyewe, hakinunuliwi. Aina ya herufi nayo ina maana: zipo ambazo 3, 6 na 8 zimejifunga kiasi kwamba hata mimi ningezikosea, na zipo zilizo wazi. Ibadilishe.

Jingine linalowapita wengi ni miwani. Miwani ya kusomea hupimwa kwa umbali wa kushika kitabu, kama sentimita 40. Skrini hukaa mbali zaidi, sentimita 50 hadi 70. Ndiyo maana unamwona mzee ameinamia kompyuta, au kama miwani yake ni ya sehemu mbili, ameinua kidevu kutwa nzima ili aone kwa sehemu ya chini, na jioni shingo inamuuma. Apime umbali wa skrini yake kwa futi, aende nao kwa mpimaji wa macho, aombe miwani ya kompyuta. Akiwa huko apimwe vizuri kabisa, kwa sababu kukosea tarakimu kunaweza kuwa umri tu, na kunaweza kuwa mtoto wa jicho, ambao hutibika kwa upasuaji, au presha ya macho, ambayo huiba uoni kimya kimya na haurudi. Hili umwambie kwa upole, na ofisi impe nusu siku ya kwenda.

Kwa masikio, mnaweza kuanza leo. Msimwite kutoka nyuma. Nenda mbele yake, uso wako uwe kwenye mwanga aone midomo, sema kwa sauti ya kawaida na taratibu kidogo. Kupiga kelele hakusaidii, kunavuruga zile sauti zilizobaki na kumfanya mtu mzima aonekane anafokewa. Tarakimu zote, majina yote na tarehe zote ziandikwe. Utashangaa makosa ya vijana nayo yatakavyopungua.

Kuhusu magoti yake, nakuomba ushuke masjala mwenyewe ukaangalie majalada yanayotumika kila siku yamewekwa rafu gani. Mara nyingi hukaa juu kabisa au chini kabisa, kwa sababu yalipangwa kwa miaka badala ya matumizi. Yanayoguswa kila siku yakae kati ya kiuno na bega. Yasiyoguswa ndiyo yapande juu. Toroli ndogo ya kusukumia majalada, kiti cha kuegemea nusu-kusimama, mkono wa ngazi pande zote mbili na mstari wa rangi inayoonekana kwenye ukingo wa kila kipandio. Mwaka 2007 kiwanda cha BMW cha Dingolfing, Ujerumani, kilichukua mstari mmoja wa uzalishaji, kikauwekea wafanyakazi wa umri mkubwa kuliko wastani wa wakati ule, kisha kikawauliza wao wenyewe kinachowaumiza. Walitaja mambo madogo kama 70: sakafu ya mbao badala ya saruji ili magoti yapumzike, viti vya kukalia kazi ikiendelea, lenzi za kukuzia sehemu ndogo, kubadilishana vituo ndani ya siku. Ndani ya mwaka mmoja uzalishaji wa mstari ule ulipanda kwa asilimia 7. Mkurugenzi wako akiuliza faida iko wapi, msimulie hilo.

Umeniuliza utazungumza naye vipi. Usimwite ofisini kwako, mwendee yeye alipo, wakati wenzake hawapo. Msalimie unavyomsalimia siku zote, ukae, usisimame juu yake. Anza na kosa lako, usianze na macho yake. Mwambie: "Mzee, nilikuondolea kazi bila kukuuliza, na nilikosea. Mfumo huu tulikuletea bila kuangalia kama unasomeka. Nataka turekebishe meza hii pamoja, kisha kazi yako irudi kwako kama bado unaitaka." Kisha unyamaze. Mwache aseme. Usimtake akutajie ugonjwa. Hadaiwi kukuonyesha cheti cha daktari ili apewe taa. Unachohitaji kujua ni kinachomzuia, basi.

Na umfundishe mfumo upya. Najua alifundishwa, lakini nawaza alivyofundishwa: kijana alisimama nyuma yake, akanyoosha mkono begani kwake, akabonyeza haraka haraka na kusema "umeona?" Mtu wa umri wake hujifunza vizuri kabisa akiwa yeye ndiye mwenye mkono kwenye vitufe, hatua kwa hatua, na karatasi ya maandishi makubwa pembeni. Mpe mtu mvumilivu, saa moja kila siku kwa wiki mbili.

Anaweza kukujibu kwamba amechoka kweli na anataka kwenda kupumzika. Hapo mheshimu. Ila asubiri mwezi mmoja meza yake ikiwa imerekebishwa, ndipo aamue, maana uamuzi alioufanya alipokuwa amekaa na daftari la barua si uamuzi huru. Baada ya mwezi, akisema bado anaenda, muage kama mtu aliyekuwa kazini mpaka siku ya mwisho.

Wanaonong'ona kuhusu upendeleo hawana roho mbaya, wameona tu kwamba watu wawili wamepunguziwa kazi na wao wameongezewa. Wana haki ya kulalamika! Kazi ikirudi kwa wenyewe, nusu ya manung'uniko itakwisha. Nusu nyingine utaimaliza kwa kuwauliza wote 14, mmoja mmoja, swali lile lile: "Ni kitu gani hapa kinakuchosha kabla kazi yenyewe haijakuchosha?" Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3 wanaishi na ulemavu mkubwa, yaani mtu 1 kati ya 6. Wengi wao huwezi kuwatambua kwa kuwatazama. Katika kitengo chako pengine yupo mwenye mgongo mbovu anayejificha, yupo asiyetofautisha nyekundu na kijani huku ninyi mnaweka alama za majalada kwa rangi hizo mbili, yupo mwenye kifafa, yupo mwenye sonona anayeomba ruhusa za uongo kwa sababu ya kweli hawezi kuitaja. Usiwalazimishe kusema. Uliza tu kinachochosha, na watakayokueleza yabaki kwako. Nami sikupenda kwamba habari ya maji ya yule dada ilikufikia kwa mnong'ono. Huyo mwenzake alikuwa na nia nzuri, lakini dada wa watu alistahili kuwa na mtu wa kumwendea yeye mwenyewe, na mtu huyo ulikuwa wewe.

Jambo moja gumu nisipokuambia nitakuwa sijakusaidia. Vizuizi vikishaondoka, wapime kazi yao kwa kipimo kile kile cha wengine. Dada akikosea hesabu, mwambie amekosea, siku hiyo hiyo, kama unavyomwambia mwingine. Hesabu za mzee zikiendelea kuruka baada ya taa, miwani, maandishi makubwa na mafunzo, kaeni tena mtafute kazi nyingine ya masjala yenye uzito na hadhi. Mfano ni kupanga upya majalada ya zamani ambayo yeye peke yake anajua yalifunguliwa kwa nini. Mtu asiyeambiwa makosa yake anajua vizuri kwamba wameshaacha kumtegemea.

Orodha ya mkurugenzi, basi. Juu kabisa andika mlango na choo, na vipimo vyake. Chini yake njia ya mteremko mlangoni kama kuna kizingiti. Kanuni inayotumika sana ni 1 kwa 12: kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa sentimita 180, na ule wa mbao uliosimama wima kama ubao wa kupakilia mizigo humwangusha mtu kinyumenyume. Kisha mikono ya ngazi na mistari ya rangi, taa za meza, meza moja ambayo magoti ya mwenye kiti cha magurudumu yanaingia bila kugonga, toroli, na nusu siku za kupima macho. Ukitaka, chora mstari, na chini yake uandike yale yasiyo na bei: vikao kushuka chini, tarakimu kuandikwa ubaoni, majalada kupangwa upya, na feni kusogezwa kama inavuma karibu na mzee. Mkurugenzi alitaka orodha fupi. Hii inaingia kwenye ukurasa mmoja.

Umesahau kuniambia kitu kimoja, nami naogopa ni kwa sababu hakipo: siku moto ukitokea, dada huyu anatokaje, na mzee asiyesikia vizuri anajuaje? Dada yuko chini, afadhali. Lakini je, mlango wa dharura una kizingiti? Ni mzito kiasi gani kwa mtu aliyekaa? King'ora kina taa ya kumulika, au ni sauti nyembamba ile ile isiyofika masikioni mwa wazee? Mpange naye, mteue watu wawili aliowachagua mwenyewe, mfanye zoezi naye akiwemo, na mwaambie wote kwamba kiti chake hakisukumwi mpaka aseme sukuma.

Kapime mlango kesho, uniandikie ni sentimita ngapi. Na mzee atakapokujibu, niandikie pia alivyosema.